Fundi Sponji na Ukuta wa Ukumbi

Jambo la kwanza nililoligundua kwa Fundi Sponji ni kwamba haketi mahali kabla ya kupabonyeza. Nilikuwa kwenye chumba cha kusubiri cha zahanati, nimeketi zangu kwa raha, alipoingia mwanamume mnene wa makamo mwenye vumbi la sponji kwenye nyusi. Palikuwa na viti vitatu vitupu. Alikibonyeza cha kwanza kwa kiganja, mara tatu, akakisikiliza. Akahamia cha pili. Alipofika cha tatu alitikisa kichwa kama daktari aliyekwisha kuyaona majibu, akaamua kusimama.

"Vimekufa," aliniambia kwa sauti ya msibani. "Na hicho chako pia. Umekalia mbao tupu, pole sana."

Mpaka dakika ile sikuwa na tatizo lolote. Kuanzia hapo mgongo ukaanza kuniuma.

Nilimuuliza kwa adabu kama anaumwa.

"Siumwi. Nimekuja kupimwa presha na magoti. Binti yangu amesema bila karatasi ya daktari siugusi ukuta."

"Ukuta gani?"

"Wa ukumbi wa mtaa. Nitauruka," alisema, kwa utulivu wa mtu anayekuambia kwamba atapitia dukani kununua chumvi.

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na mzani wa zahanati, ambao ulilia alipoupanda, ulisema kilo tisini na nne. Daktari aliiandika ile karatasi huku ameuma midomo asicheke. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipita karakana kwake karibu kila jioni, na haya ninayoyaandika nimeyaona kwa macho yangu au nimeyasikia kutoka kwa mke wake, ambaye hana sababu ya kumpendelea.

Karakana ya Fundi Sponji iko kwenye kona, mlango wake ukitazamana na wa kinyozi, na kati yao kuna ua mdogo wa saruji. Ndani kuna makochi yaliyovuliwa nguo, springi zimetoka nje kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla, na sponji za kila unene zimepangwa mpaka darini. Mume hutengeneza fremu na kujaza sponji. Mke hukata vitambaa na kushona, mguu wake hauondoki kwenye mashine. Wana utepe mmoja wa kupimia. Sentimita kumi za mwanzo za utepe huo zilikatwa na mkasi kwa bahati mbaya miaka ishirini iliyopita, kwa hiyo unaanzia kwenye kumi. Yeyote anayeutumia husoma, halafu hupunguza kumi kichwani. Niliwahi kumshauri fundi anunue mwingine. Alinitazama kama niliyemshauri abadilishe mke.

"Mpya haunijui," alisema.

Ukuta nao ulianza hivi. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule ya msingi, na ambaye mtaa mzima humwita Mwalimu, alikuwa akitumia ukumbi wa mtaa kila Jumamosi kuwafundisha vijana kumi na wanane mchezo wa kuruka vizuizi: namna ya kukimbia, kuvuka ukuta mfupi kwa mikono na miguu, na kutua bila kuumia. Wazazi wachache hawakuupenda. Mzazi mmoja alisimama kwenye mkutano wa kamati na kusema, "Leo wanaruka ukuta wa ukumbi, kesho wataruka wangu."

Mwalimu alijibu kwa upole kwamba kabla ya kuruka, vijana hujifunza kwanza kuanguka.

"Mmesikia wenyewe!" alisema yule mzazi. "Wanafundishwa kuanguka!"

Mwenyekiti wa kamati ni mama mmoja mkunga mstaafu, ambaye amezalisha nusu ya mtaa na kwa hiyo haogopi mtu yeyote. Aligonga meza. "Mimi maneno sitaki. Nataka mtu mzima wa mtaa huu, mwenye mvi na kitambi, auvuke ule ukuta wa mbele ya ukumbi huku natazama, kisha arudi kwake kwa miguu yake. Akiweza, nitaamini unafundisha kwa usalama, na Jumamosi ni zenu. Akishindwa, tafuteni mahali pengine. Nawapa miezi miwili."

Mahali pengine hapakuwepo, na kila mtu alijua. Fundi Sponji alikuwa nyuma kabisa ya ukumbi. Hakuwa amekuja mkutanoni. Alikuwa ameleta viti kumi na viwili vilivyofanyiwa ukarabati na alikuwa bado anavibonyeza.

"Nilimwona mwanangu anatazama viatu vyake," aliniambia baadaye. "Tangu mdogo, akitazama viatu ujue machozi yako njiani. Basi mdomo ukatangulia, akili ikafuata kwa miguu."

Alichosema ni hiki: "Mvi ninazo, na kitambi ni hiki hapa."

"Mimi nilidhani amesimama kueleza udhamini wa viti," anasema mke wake. "Nikampigia makofi. Ndiyo maana sina cha kusema."

Aina ya mruko waliyoichagua inaitwa mruko wa sokwe. Unakimbia hatua chache, unaruka mbele, unatua na viganja viwili juu ya ukuta, unayavuta magoti kifuani yapite katikati ya mikono, unasukuma, halafu unatua upande wa pili kwa miguu miwili. Kwa maandishi ni sentensi moja. Kwa Fundi Sponji ilikuwa miezi miwili na ushee.

Wiki ya kwanza hakuruka chochote. Alisimama juu ya tofali, akashuka. Akasimama tena, akashuka tena.

"Mwalimu," alilalamika, kwa maana wakati wa mazoezi binti yake hataki kuitwa mwanangu, "wiki nzima nashuka kutoka kwenye tofali?"

"Wiki mbili, ukiendelea kutua kwa kelele. Vidole vya miguu kwanza, magoti yalegee. Nisisikie kitu."

Akashuka. Kutoka ndani ya karakana, juu ya mlio wa cherehani, ikaja sauti ya mke wake: "Nani ameangusha kabati?"

Kinyozi alikuwa ametoka nje na kitana mkononi, na nyuma yake mteja mwenye shuka shingoni na nusu ya kichwa iliyonyolewa. "Si kabati, shemeji," alisema. "Ni kabati na vyombo ndani."

"Nyoa watu wewe!" fundi alimjibu.

"Nitanyoaje, jirani? Ukitua, mashine inaruka mkononi. Huyu bwana alitaka panki, sasa itabidi awe na upara."

Yule mteja alijishika kichwa, lakini hakurudi ndani. Alitaka kuona kama mruko unaofuata utakuwa kabati au meza.

Baada ya siku kumi na moja, Fundi Sponji alishuka kutoka kwenye tofali na hakuna aliyesikia kitu. Mke wake alisimamisha cherehani na kutoka nje mbio, akidhani amezimia.

Somo la pili Mwalimu aliliita kukataa. "Ukikimbia na moyo ukasema hapana, weka mikono, simama. Au panda juu uchuchumae. Usijilazimishe kamwe ukiwa katikati. Anayejua kukataa atazeeka na meno yake yote." Fundi alikataa vizuri sana. Kwa siku nne mfululizo alikimbia kwa kishindo kuelekea benchi la kinyozi, akaliwekea mikono, akasimama, akasema "Nimekataa!" kwa fahari, na kurudi mwanzo. Kinyozi alisema hajawahi kuona mtu akishindwa kwa furaha kiasi kile.

Somo moja tu alikuja nalo tayari. Mwalimu huwafundisha wanafunzi wake kupapasa kila kizuizi kabla ya kukiruka: kina mchanga, kina unyevu, kimelegea? Vijana husahau. Baba yake asingeweza kusahau hata kwa dawa.

Ndipo likaja suala la kasha. Mwalimu alitaka baba yake ajifunzie kwanza kwenye kasha lisiloumiza, lenye kimo kilekile cha ukuta. Siku hiyo mke wake alikuwa na safari ya ukumbini kupeleka vifuniko vya meza, kwa hiyo aliubeba utepe, akaupima ukuta, akarudi.

"Mia moja," alisema, akaendelea kushona.

Fundi alitengeneza kasha kwa siku mbili. Ni lazima niseme ukweli: lilikuwa kasha zuri kuliko fanicha yoyote nyumbani kwetu. Fremu ya mbao ngumu, sponji nzito pande zote, ngozi bandia nyekundu, na vifungo vya mapambo katika mistari mitatu. Wateja wawili walilitaka. Watu waliokuja kunyoa walianza kulikalia wakisubiri zamu.

"Hiki ni kizuizi au ni kiti cha bwana harusi?" aliuliza mke wake.

Mwalimu aliweka viganja juu, vikazama mpaka kwenye vifundo. "Baba, toa sponji ya juu. Mikono inazama, utavunjika. Acha ya pembeni tu, kwa ajili ya magoti."

"Juu pabaki mbao tupu?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, mimi nimekuwa fundi miaka ishirini na sita. Sijawahi kumpa mtu mbao tupu."

"Ukuta haukukaribishi, baba. Unakupitisha tu."

Alizing'oa zile sponji mwenyewe, polepole, kama mtu anayevua mavazi ya marehemu.

Basi kazi ikaanza. Kwanza kuruka na kuchuchumaa juu ya kasha. Kisha kuchuchumaa na kushukia mbele. Kisha kuchuchumaa kwa muda mfupi zaidi, na mfupi zaidi, mpaka miguu iguse tu. Sehemu iliyomtesa ni ile ya katikati, mikono ipo, miguu bado haijaamua. "Hapo ubongo unashika breki," alisema, "na kitambi hakina breki." Kila hatua ilirudiwa mara kumi bila kelele kabla ya kuhamia nyingine, ya tisa ikipiga kelele, hesabu inaanza upya. Kuna jioni alifika tisa mara tatu. Alikaa chini, akabonyeza saruji, akasema nayo imekufa.

Wiki ya saba, Jumapili saa kumi jioni, Fundi Sponji alikimbia hatua tano, mikono ikagusa, magoti yakapita, na akawa upande wa pili. Alisimama pale akitazama nyuma, akilitafuta kasha kana kwamba kuna mtu aliyeliondoa. Kinyozi alirusha kitana juu. Mke wake alisema, "Kumbe," neno moja tu, na kwa mwanamke yule hiyo ni hotuba.

Kufikia Ijumaa alikuwa ameruka mara kumi, kisha kumi nyingine. Ilibaki wiki moja kabla ya siku ya kamati. Jumamosi asubuhi tulikwenda wote ukumbini, ili fundi ausalimie ukuta.

Aliusalimia kwa kawaida yake: alipapasa juu, akabonyeza mara tatu, akafagia mchanga kwa mkono. Mwalimu alitandika mkeka upande wa pili. Fundi akarudi nyuma hatua tano, akashusha pumzi, akakimbia. Niliona macho yake yakibadilika hatua ya nne. Viganja vilitua mahali palipokuwa juu kuliko vilivyotarajia, mwili ukasita, na, sifa zimwendee Mwalimu, alifanya alichofundishwa. Alikataa. Lakini alikuwa ameshapaa, kwa hiyo alikataa kwa kuchuchumaa juu ya ukuta, magoti masikioni, mikono katikati ya miguu, akitutazama.

Wakati huohuo mlango wa ukumbi ukafunguka, akatoka Mama Mwenyekiti na funguo mkononi. Alimtazama kwa muda.

"Fundi," alisema, "nimezalisha watu wengi sana maishani mwangu, lakini wa kutaga sijawahi kumpokea."

"Nakagua, Mama Mwenyekiti."

"Kagua. Ila Jumamosi ijayo ukikwama hapo juu, ukumbi utakwama na wewe." Akafunga mlango, akaenda zake.

Fundi alishuka. Kimya kabisa, vidole kwanza. Akasimama kando ya ukuta, akalinganisha na mkanda wake wa suruali. Kule karakana kasha lilikuwa chini ya mkanda. Huku ukuta ulikuwa juu yake.

"Ukuta umeota," alisema.

"Kuta haziotagi, baba," alisema Mwalimu, kisha akajisikia mwenyewe, akasema, "Hazioti. Umenichanganya na kule kutaga kwako. Mama, ulipima ngapi?"

"Mia," alijibu mama yake. "Niliwaambia mia kwa sababu ni mia."

"Utepe ulisema mia?" aliuliza fundi.

"Utepe ulisema mia na kumi, nikapunguza."

Fundi alimgeukia. "Ulipunguza?"

"Si kila siku tunapunguza?"

"Na mimi nilipunguza," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Uliposema mia, nikatengeneza tisini."

Kwa miaka ishirini kila mmoja alikuwa akipima kazi yake mwenyewe, yeye fremu, mkewe vitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza mmoja kumpimia mwenzake.

"Shukuruni Mungu Mwalimu hakupunguza naye," alisema kinyozi. "Fundi angekuwa anaruka kizingiti cha mlango."

Hakuna aliyecheka ila mimi, na niliacha haraka. Mwalimu alikuwa anatazama viatu vyake.

Kinyozi akamgeukia fundi. "Jirani, sentimita kumi ni nini? Ni kitana changu hiki. Jitose tu Jumamosi. Watu wakipiga makofi utapaa."

Nilimwona Fundi Sponji akitamani kukubali. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye alikuwa amesifiwa wiki nzima. Alikitazama kile kitana. Aliutazama ukuta. Mwisho akamtazama binti yake.

"Hapana," alisema. "Siwezi kumpelekea mteja kochi la miguu mitatu nikamwambia akae kwa imani."

Alikwenda kwa Mama Mwenyekiti mwenyewe, siku hiyohiyo, na akanichukua niwe shahidi. Tulimkuta sebuleni akikunja nguo. Fundi aliketi kwenye kochi bila kulibonyeza, nikajua hali ni mbaya.

"Mama, nimekuja kukwambia sijawa tayari. Tulikosea kipimo. Naomba wiki mbili juu ya hiyo moja."

"Na kwa nini nisiseme umeshindwa, nikachukua funguo zangu?"

Fundi alifikiri. "Kwa sababu hili la kuja hapa nimefundishwa na Mwalimu. Angekuwa mwalimu mbaya, Jumamosi ungeniona ukumbini nimepakiwa kwenye machela. Wewe ulisema unataka usalama. Basi usalama ndio huu, umekaa kwenye kochi lako, unatetemeka."

Mama Mwenyekiti alikunja shuka nzima, pembe kwa pembe, kabla ya kujibu. "Wiki tatu kuanzia leo, saa kumi jioni. Nyingine haipo, hata ukipatwa na mafua. Na yule mzazi anayeogopea ukuta wake nitampa kiti cha mbele." Kisha akaongeza, "Kochi langu unalionaje?"

Fundi akalibonyeza kwa upole. "Linapumua bado, mama."

Njiani alisema kuhusu kochi amedanganya kidogo, lakini kwa nia njema.

Alikata mbao tano, kila moja unene wa sentimita mbili, na safari hii Mwalimu alizipima kwa rula ya shuleni. Mpango ni rahisi: ubao mmoja unawekwa chini ya kasha, anaruka mara kumi bila kelele, ndipo unaongezwa mwingine. Ubao wa kwanza ulichukua siku mbili. Wa pili ulimtoa jasho: kidole kikubwa cha mguu kiligonga ukingo, si kwa nguvu, lakini kwa siku tatu mfululizo kila akifika katikati alichuchumaa. Nilihesabu michuchumao kumi na mmoja. Mwalimu akautoa ule ubao.

"Tunarudi nyuma?" fundi aliuliza, amekunja uso.

"Tunarudi kuchukua kitu tulichosahau. Magoti yako yanachelewa kwa sababu unatazama mikono. Tazama mkeka, unakokwenda."

Alirudi, akachukua alichosahau, na ubao wa pili ukapita kwa siku moja. Wa tatu siku nne. Leo ni Alhamisi, wa nne umo tangu juzi, kasha lina sentimita tisini na nane, na jioni hii amefika nane bila kelele kabla ya mruko wa tisa kusikika kama sufuria. Kesho ataanza upya, na akimaliza utawekwa ubao wa tano. Mwalimu amemwambia waziwazi: asipofikisha kumi kwa kimo kamili, Jumamosi atapanda, atachuchumaa, atashuka, na kumweleza Mama Mwenyekiti mwenyewe kwamba bado. Fundi amekubali. Lakini nimemwona akila huku vidole vyake viwili vikikimbia mezani, vikiruka kikombe, na kutua kimya upande wa pili.

Mtaa nao hautulii. Wale vijana kumi na wanane wamepangiana zamu ya kufagia mchanga juu ya ukuta, asubuhi na jioni, mpaka saruji imeanza kung'aa. Mke wake ameshona suruali ya siku hiyo kwa uzi wa makochi, mishono mitatu kila mahali panapohusika, akasema ikichanika hiyo basi na fundi mwenyewe amechanika. Kinyozi amebandika karatasi mlangoni: JUMAMOSI TUNAFUNGA SAA TISA. UTAKAYEKUTWA NUSU KICHWA UTASUBIRI.

Na muda mfupi uliopita, tulipokuwa tunarudisha kasha ndani, simu ya mke wa fundi ikalia. Alikuwa Mama Mwenyekiti. Tulisimama wote kama tulivyo, fundi ameshika upande mmoja wa kasha, mimi mwingine, tukihofia kwamba amebadili mawazo.

"Mwambie mumeo," sauti ilisema, na ilisikika mpaka kwa kinyozi, "hii saa kumi mliyoniwekea ni mbali. Kamati inanisumbua, na mimi mwenyewe sipati usingizi. Haiwezekani tukaanza saa tisa?"

"Saa kumi uliiweka wewe mwenyewe, mama," alijibu mke wa fundi.

"Najua niliiweka mimi! Saa tisa na nusu je?"